Bahari Ile Ile, Kibla Nyingine

Mtu aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja hahitaji dira jua linapozama. Makka iko karibu kaskazini barabara ya Unguja, kwa hiyo anaposimama kuswali magharibi bahari iko mkono wake wa kushoto, na jua linatumbukia humo humo huku ngalawa zikirudi. Ikihama familia yake ikaenda Maskati, mwili mzima hauna budi kugeuka. Kibla sasa iko upande wa magharibi. Jua halizami tena baharini. Linapotelea nyuma ya milima ya Hajar. Na bahari, ambayo kila mtu anasema ni ile ile, imehamia upande wa kulia na mgongoni. Hakuna kilichopotea: swala ni ile, maji ni yale, hata samaki wengi ni wale wale. Lakini mazoea ya mwili, yale ambayo mtu hakuwahi kuyahesabu kuwa ni elimu, yamekwisha kazi tangu siku ya kwanza.

Naanzia hapo kwa sababu kumbukumbu za watu waliohama pwani moja kwenda nyingine hupenda kuishukuru bahari. Husimulia kwamba harufu ya chumvi iliwatuliza, kwamba sauti ya mawimbi usiku iliwafanya wasahau kwamba wako ugenini. Faraja hiyo siipingi. Ninachokipinga ni funzo linalochotwa humo, yaani kwamba familia ya pwani ikihamia pwani nyingine imepunguziwa nusu ya safari. Naona mambo ni kinyume chake. Kufanana kwa bahari huchelewesha kutulia, kwa maana humpa mgeni imani ya kujua asichokijua. Bahari haina wenyewe, lakini pwani ina wenyewe: ina pepo zake, majira yake, kazi zake, hatari zake na adabu zake. Familia hutulia siku inapoacha kuitaka pwani mpya iwe ile ya zamani, ikakubali kufundishwa upya kama mtoto. Ushahidi wangu mkubwa nitautoa kwa watu ambao, kwa hesabu ya kawaida, walikuwa na sababu chache kuliko wote za kujiona wageni: Wazanzibari waliokwenda kuishi Oman.

Historia yao inajulikana, nitaipita haraka. Seyyid Said bin Sultan aliuhamishia utawala wake Unguja kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Baada ya kifo chake mwaka 1856 dola iligawanyika, na mwaka 1861 Unguja na Maskati zikawa nchi mbili. Watu hawakugawanyika kwa kalamu kama dola. Waliendelea kwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi, wakaoa, wakazaa, wakanunua mashamba ya mikarafuu. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalivunja maisha hayo: wengi waliuawa na maelfu waliondoka. Oman ya Sultan Said bin Taimur haikuwa na mlango mpana wa kuwapokea, na wengi walitawanyika Dubai, Misri, Uingereza na bara la Afrika Mashariki. Mlango ulifunguka baada ya tarehe 23 Julai 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani waliokuwa nje. Nchi hiyo ilikuwa na shule tatu na takriban kilomita 10 za barabara ya lami. Ilihitaji watu wanaojua kusoma, kuandika na kuendesha ofisi, na waliosoma Unguja walikuwa tayari.

Neno lililotumika kwa safari hiyo lilikuwa kurudi, na neno hilo lina mtego. Mababu wa wengi wao hawakutoka Maskati; walitoka Sharqiyya, Nizwa au Ibra, katika vijiji vya mitende na mifereji ya falaj vilivyo ndani, upande wa pili wa milima. Walikuwa watu wa maji ya mfereji yanayogawiwa kwa zamu, si watu wa maji yanayojaa na kupwa. Wajukuu walizaliwa wakiwa watu wa pwani, wakaenda kuishi katika mji wa pwani ambao haukuwa kijiji cha babu wala mtaa waliozaliwa. Zaidi ya hayo, safari moja haikuwa na jina moja ndani ya nyumba moja. Nasaba ilihesabiwa kwa baba, na jina la kabila lake ndilo lililotambulika mbele ya masheikh na maofisa. Kwa hiyo baba alirudi. Mama ambaye ukoo wake ulikuwa Makunduchi, Pemba au Ngazija hakurudi popote, yeye alihama. Na watoto walikwenda kwenye nchi waliyoisikia kwa jina. Tofauti hii si ya maneno tu. Anayehama anaruhusiwa kuuliza njia. Anayerudi anatarajiwa aijue. Neno lililotungwa kwa heshima likamnyang'anya mgeni haki yake ya kwanza, haki ya kutojua.

Na yapo mengi ya kutojua. Chukua majira ya mwaka. Unguja, miezi ya Juni hadi Agosti ni kipupwe, wakati wa upepo mwanana na usiku wa kujifunika shuka. Maskati, miezi hiyo ni tanuri: joto hupita nyuzi 40, na sheria ya leo inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Miezi ambayo Unguja huihesabu kuwa ya joto, Desemba hadi Februari, ndiyo ya raha huko. Kalenda imepinduliwa, na mwenye kupanga harusi, matembezi au safari ya watoto baharini kwa mazoea ya zamani atapanga vibaya kwa miaka kadhaa kabla mwili haujakubali. Chukua mvua. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, kwa masika na vuli. Maskati hupata kama 100. Chukua hata maji kujaa na kupwa. Bamvua ya Unguja hupandisha maji karibu mita 4, na yakitoka huacha uwanda mpana wa kuokota chaza na pweza. Maskati tofauti hiyo ni ndogo zaidi, na mtu aliyezoea kusoma saa kwa kutazama mchanga atakuta saa yake ina akrabu fupi.

Hayo ni ya usumbufu tu. Kuna tofauti inayoua. Mtu wa visiwani amefundishwa kwamba hatari hutoka mbele, upande wa bahari: dhoruba, mkondo, chombo kuzama. Maskati hatari nyingi hutoka nyuma, milimani, kupitia makorongo makavu yanayoitwa wadi. Korongo hilo linaweza kukaa mwaka mzima bila tone, watoto wakacheza mpira ndani yake na magari yakapita, kisha mvua ikanyesha milimani mbali na macho na maji yakashuka kwa kishindo chini ya anga isiyo na wingu. Kimbunga Gonu kilipoipiga Oman mwezi Juni 2007 kiliua takriban watu 50, na ndani ya mji mkuu sehemu kubwa ya uharibifu ilitoka kwenye wadi zilizofurika. Eneo moja lililoumia ni Qurum, na jina lake lenyewe lina funzo, kwa kuwa maana yake ni mikoko. Kipo hapo kichaka cha mikoko kilichohifadhiwa, na mtu wa Pemba akikiona moyo wake unalainika. Kwao mikoko ni ishara ya mahali palipotulia, palipojikinga na mawimbi. Hapa mikoko imeota kwenye mdomo wa wadi, pale pale ambapo maji ya mlima hutafuta njia ya kutokea. Ishara ni moja, maana ni mbili, na anayesoma kwa macho ya Pemba anasoma kinyume.

Kinachoifanya pwani iwe pwani fulani ni nchi kavu iliyo nyuma yake. Mvuvi wa Unguja huchonga ngalawa kwa gogo la mwembe, kwa sababu miembe ipo. Mvuvi wa Batinah, upande wa kaskazini magharibi wa Maskati, alikuwa na mitende tu, akafunga mashina ya makuti yake kwa kamba akapata shasha, kijichombo chepesi ambacho maji huingia na kutoka lakini hakizami. Wote wawili hutafuta samaki katika bahari moja ya Hindi, lakini mmoja akipewa chombo cha mwenzake atahitaji kujifunza kukaa upya. Jikoni ni hivyo hivyo. Mpishi wa Unguja hufikiri kwa tui. Nazi si kiungo kwake, ni msingi. Maskati minazi haistawi. Ipo Salalah, takriban kilomita 1,000 kusini, ambako upepo wa kusi huleta manyunyu ya Juni hadi Septemba. Mbuzi ya kukunia nazi iliyobebwa katika sanduku ilifika kwenye nchi ambayo kitoweo chake kilijengwa juu ya tende, samli, wali na limau kavu. Familia iliyong'ang'ania kwamba samaki bila tui si chakula ilijinyima elimu ya jikoni la jirani. Na jikoni la jirani ndiko ujirani unakoanzia.

Kuna shahidi wa zamani zaidi, aliyesafiri upande mwingine kabisa. Salma binti Said, bintiye Seyyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, ambalo bahari iliupiga ukuta wake. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, mwaka uliofuata akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, husomwa zaidi kwa habari za jumba la kifalme, lakini pamoja na barua zilizotolewa baada ya kifo chake zinatupa pia habari za mtu wa pwani katika mji wa bandari wa ugenini. Hamburg haikukosa maji wala meli. Ina mto Elbe, ina ziwa la Alster, ina biashara ya karafuu na pembe kutoka kule kule alikotoka. Maji hayo hayakumsaidia kitu. Kilichomlemea ni baridi, lugha, milango iliyofungwa, na baada ya mumewe kufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, sheria ambazo hazikumwachia mjane uhuru wa kusimamia mali na watoto peke yake. Alichotoka nacho kilichomfaa kwa riziki hakikuwa kuijua bahari, kilikuwa Kiarabu chake, alichokifundisha kwa malipo.

Baadaye, kwa zaidi ya miaka 20 hadi 1914, Salma aliishi Jaffa na Beirut, miji ya pwani ambako watu walizungumza lugha aliyonyonya. Hapo mtu anaweza kusema: ndiyo hivyo, bahari pamoja na lugha, basi, mtu ametulia. Lakini alipofariki Ujerumani mwaka 1924, inaelezwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, na ukazikwa naye Hamburg. Mchanga huo unastahili heshima, na unastahili pia kufikiriwa. Bahari ya Beirut ni bahari kwelikweli, na ina mchanga wake. Kama bahari moja ingeweza kuziba pengo la nyingine, mfuko ule ungemwagwa zamani. Salma alijua jambo ambalo kumbukumbu laini hulificha: hakuna pwani inayoweza kuwa badala ya pwani. Aliyelikubali hilo anaweza kuipenda ya pili kwa haki yake yenyewe. Asiyelikubali ataipima kila asubuhi kwa mizani ya nyingine, na kila asubuhi itapungua.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja yangu ni zito, na linatoka kwa wanahistoria. Watasema kwamba ninazichora pwani kana kwamba kila moja ilikuwa kisiwa cha peke yake, ilhali Bahari ya Hindi ilikuwa soko moja na karibu utamaduni mmoja. Boriti za mikoko ya Rufiji na Lamu zilisafirishwa Arabuni kwa karne nyingi, na upana wa vyumba vya nyumba za kale huko ulifuata urefu wa boriti hizo. Tende na samaki wa chumvi zilikuja huku, karafuu na nafaka zilikwenda kule. Mji wa Sur huko Oman ulijenga majahazi yaliyoijua Unguja kama yalivyojijua yenyewe. Nakubali yote, na nauchukua ushahidi huo huo. Boriti ilivuka bahari, naam, lakini haikuvuka ili iendelee kuwa mkoko. Ilikatwa, ikapimwa, ikakaushwa, ikapewa kazi ambayo katika tope la Rufiji haikuwahi kuifanya: kubeba dari. Vitu vilivyoiunganisha bahari hii viliunganisha kwa kubadilishwa kazi, na nahodha aliyeheshimika Sur na Unguja alikuwa yule aliyejua kwamba upepo unaomtoa huku haumrudishi. Umoja wa Bahari ya Hindi uliletwa na watu walioijua tofauti ya kila bandari kwa undani hata wakaweza kufanya biashara nayo. Mtu aliyedhani bandari zote ni moja alipoteza chombo.

Pingamizi la pili ni la wenye hesabu. Watasema kutulia ni habari ya hati na mshahara, na mengine ni mapambo. Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967. Aliyepata uraia akaajiriwa wizarani, benki au kwenye kampuni ya mafuta alitulia, aliyekosa hakutulia, awe amejifunza wadi au hakujifunza. Kuna ukweli mkubwa hapa, na historia ya Sultan Jamshid bin Abdullah wa Zanzibar inauthibitisha. Baada ya kupinduliwa mwaka 1964 aliishi Portsmouth, mji wa bandari wa Uingereza wenye bamvua ya karibu mita 4 kama ya Unguja na ufuo wa kokoto badala ya mchanga mweupe, na miaka ilipita zaidi ya 50 kabla ya kuruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020. Bahari haitoi viza. Lakini wenye hesabu wanachanganya maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenganisha: kukaa na kutulia. Hati hukupa kukaa. Mshahara hukupa nyumba. Kutulia ni jambo la pili, na walikuwepo wengi wenye hati na nyumba ambao kwa muda mrefu waliitwa Wazinjibari, jina ambalo hata aliyetoka Mombasa, Bujumbura au Kongo alivishwa, na ambao Kiarabu chao kilisahihishwa mbele ya watoto wao. Uraia haukuwaondolea hilo. Kilichowaondolea, pale kilipowaondolea, ni miaka ya kufundisha watoto wa watu, kutibu wagonjwa wa watu, na kuketi kwenye misiba ya watu.

Pingamizi la tatu linasemwa nyumbani, mara nyingi na wazee, na lina methali yake: mwacha mila ni mtumwa. Ikiwa kutulia ni kukubali kufundishwa upya, je, si kufuta yaliyofundishwa kwanza? Jibu langu ni kutazama kilichobaki na kuuliza kwa nini kilibaki. Mishkaki ya Unguja ilibaki, kwa sababu huko Oman nayo ilikuwa chakula cha barabarani. Moshi wake unafuka jioni kando ya njia na hakuna anayeuliza pasipoti yake. Mandazi yalibaki, kwa sababu chai ya asubuhi ilihitaji kitu cha kutafunia. Kiswahili kilibaki katika kizazi kilichokitumia kazini, sokoni na kwenye simu, na kinayumba katika kizazi kilichowekewa kama pambo la kukumbushia. Kwa maneno mengine, mila iliyopewa kazi katika nchi mpya iliishi, na mila iliyofungiwa kabatini kwa heshima ilikufa kwa heshima. Baraza ni mfano mzuri zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe zina viti vya mawe nje ya mlango, mahali pa kahawa na habari; nyumba za Maskati zina ukuta, na mgeni hupokewa ndani, kwenye majlis, chini ya kiyoyozi. Mtu anaweza kulia kwa kukosa baraza. Au anaweza kutazama nje alasiri, joto likipungua, aone ufuo umejaa mikeka, birika na jamaa, na maji yakitoka vijana wakifunga magoli juu ya mchanga mgumu, timu baada ya timu mpaka kiza kiingie. Baraza lipo, limehamia pwani. Asiyelitafuta mlangoni kwake atalikuta.

Kwa sababu hiyo naona methali inayofaa zaidi ni nyingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuisikia kutoka kinywani mwa mwenyeji anayechoka kulisha. Isikilize kutoka upande wa mgeni. Jembe ni heshima. Siku mbili za mwanzo mgeni hana jina wala nafasi. Siku ya tatu anapewa shamba la kushika, na aliye na kazi shambani ana neno barazani. Methali haisemi mgeni apewe jembe la kwao. Anapewa jembe la hapa, kwa udongo wa hapa. Somo hilo halihusu wanaotoka Afrika Mashariki peke yao. Paje na Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, leo zinapokea familia kutoka Ulaya zinazotafuta maisha ya bahari. Maji yakitoka huona uwanda mweupe usio na mtu wala kitu, wakadhani ni mahali pa kuchezea. Vijiti vilivyopangwa mle ni mashamba. Kilimo cha mwani kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na ni wanawake wanaokiendesha, kwa saa za maji, migongo imeinama. Mgeni anayekanyaga kamba zao hana nia mbaya. Ameleta tu pwani ya kwao, ambako ufuo ni likizo, akaitandika juu ya pwani ya watu, ambako ufuo ni kazi.

Pingamizi la mwisho si la akili, ni la moyo, na nisingependa kulijibu kwa haraka. Ni rahisi kumwambia aliyehama kwa hiari ajifunze upya. Aliyeondoka usiku, akiacha maiti nyuma, ana haki gani ya kudaiwa shauku ya wadi na shasha? Anayo haki ya kuomboleza, na maombolezo hayana ratiba. Sisemi kutulia ni wajibu wa aliyedhulumiwa. Nasema tu kwamba maombolezo yana mahali pake, na familia hupotea inapoyapa nyumba nzima. Mfuko wa mchanga ni mdogo kwa makusudi: unaingia katika sanduku, unakaa pamoja na mtu mpaka kaburini, na haumzuii kuwafundisha wengine lugha yake, kulea watoto watatu na kuandika kitabu. Ugumu unakuja pale mzazi anapotaka watoto wake nao waubebe, watoto ambao hawakuwahi kuukanyaga mchanga huo. Wao wanabeba uzito bila kumbukumbu. Watoto wanahitaji kujua mfuko uko wapi na ndani yake mna nini. Hawahitaji kutembea nao ufukweni.

Mgeni Mwislamu akiingia katika nyumba ya mtu na wakati wa swala ukafika, huuliza swali moja bila haya: kibla iko wapi? Awe sheikh au mtoto, awe amesafiri dunia nzima, anauliza, na hakuna aliyewahi kumdharau kwa swali hilo. Tunajua wote kwamba kuijua kibla ya kwako hakukupi kibla ya chumba cha jirani. Sina ushauri mkubwa kuliko huo kwa familia inayohamia pwani ya ugenini, iwe imehama au imeambiwa imerudi: swali hilo ilipeleke mbele kidogo. Waulize maji hutoka saa ngapi, korongo hili hupita wapi, samaki wa mwezi huu ni yupi na hupikwaje hapa, ufuo huu asubuhi ni wa nani. Wasijibiwe na bahari, wajibiwe na wenyeji. Na siku ya kutulia haitatangazwa na hati wala na ufunguo wa nyumba. Itakuwa siku ambayo mgeni mwingine atasimama mlangoni aulize kibla iko wapi, na mkono wa mtoto wa nyumba hiyo uelekee milimani kabla mwenyewe hajafikiri.